Waitikiaji wa Mbotela

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa katika ukumbi wa mtaa wa Mbotela, Nairobi, mwishoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa nikikaa nyumbani, nikimsaidia mama kuuza mboga, mpaka jirani mmoja akatuambia kwamba ukumbini wanatafuta msichana anayeandika mwandiko mzuri. Nilikwenda nimevaa sweta ya shule niliyoing'oa beji. Aliyenipokea alikuwa mama mrefu kutoka upande wa magharibi mwa nchi, mtu wa maneno machache, ambaye akicheka mabega yalitikisika bila sauti yoyote kutoka. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi. Kila mtu mtaani alimwita Madam, na mimi nikamwita hivyo kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja.

Ukumbi wenyewe ulikuwa mzuri kuliko nyumba zetu. Ulikuwa na jukwaa la mbao, madirisha marefu na sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa kwa nta hadi ikateleza. Tatizo lake ni kwamba haukuwa na watu. Ratiba ilipigwa chapa katika ofisi kubwa mjini na kuletwa kwetu kila baada ya miezi kadhaa: siku ya kushona, siku ya mdahalo, siku ya mhadhara. Tuliibandika mlangoni, tukapanga viti, tukangoja. Mara nyingi viti tulivirudisha bila kukaliwa.

Siku iliyobadilisha mambo ilikuwa Jumatano. Kundi la maigizo lilitoka mjini kuja kutuchezea mchezo. Vijana wale walikuwa wamejiandaa kweli. Walikuwa na mavazi, na mmoja alibandikwa ndevu za pamba. Walicheza mbele ya Madam, mimi, mzee wa kufagia na watoto wachache ambao walitoka nje mara walipogundua kwamba si sinema. Walicheza mpaka mwisho bila kukata hata neno, nami nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha, kwa aibu.

Walipoondoka, Madam alikaa ukingoni mwa jukwaa, akavua viatu.

“Tuliwaalika watu saa tisa, Jumatano,” alisema. “Mama yako saa hizi yuko wapi?”

“Yuko sokoni.”

“Na baba yako?”

“Karakana. Anapiga randa mpaka jioni.”

“Jirani yenu je?”

“Yule yuko kiwandani. Au amelala, kama zamu yake ni ya usiku.”

“Sasa tulimwalika nani?”

Kesho yake alinijia na wazo ambalo lilinishangaza kwa wepesi wake. Kabla ya kupanga jambo jingine lolote, alisema, tutapita mlango kwa mlango mtaa mzima na kuwauliza watu. Na hatutawauliza wanataka nini, kwa sababu mtu akiulizwa hivyo hutaja kile anachodhani unacho. Tutawauliza mambo mawili. Ni saa ngapi katika wiki huna kazi na hakuna anayekuhitaji? Na ulipokuwa kwenu, watu wakikusanyika, wewe ulikuwa unafanya nini?

Tulianza vibaya. Nyumba zile zilikuwa za kupanga, na wengi walikuwa wamekaribisha wapangaji wengine chumbani kwao kinyume cha sheria ya nyumba. Walipotuona na karatasi walidhani tunatoka ofisi ya kodi. Mlango ungefunguliwa kidogo tu, na nyuma yake ungesikia mtu akitoka kwa haraka kupitia uani. Siku ya pili Madam akaamua kalamu zibaki mfukoni. Tungejitambulisha, tungeuliza, tungekumbuka tulichoambiwa, na kuandika tukifika kona. Basi watu wakaanza kutukaribisha.

Nilijua mtaa ule tangu utotoni, lakini wiki zile nilihisi kama naonyeshwa mahali pengine. Mama mmoja aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga, ambaye mimi nilimjua kwa ukali tu, alituambia kwamba kwao alikuwa akitungia wachumba nyimbo za kuwatania, na akatutungia moja papo hapo kuhusu soksi zangu. Mfanyakazi wa kiwanda cha mablanketi alitutolea litungu lake kutoka chini ya kitanda. Ni ala ya nyuzi ya watu wa magharibi, na lake lilikuwa limebaki na nyuzi tatu tu, nyingine zimekatika.

“Sijalipiga tangu nilipohamia hapa,” alisema.

“Kwa nini?” Madam akamuuliza.

“Chumba hiki tunalala watu wanne, na tunalala kwa zamu. Nikilipiga, lazima nimwamshe mtu.”

Vijana waliokaa kwenye ukuta karibu na Jogoo Road hawakutusumbua na kumbukumbu. “Sisi tunataka disko, Madam,” mmoja alisema. “Hizo nyimbo za mathee wachaneni nazo.” Mathee, kwa lugha yao, ni akina mama.

“Mnataka siku gani?”

Wakatazamana. Nadhani hawakutarajia kuulizwa. “Ijumaa,” yule akajibu, kwa sauti ya chini kidogo. “Jioni.”

Tulikuwa tumekubaliana kwamba mtu asiulize kwenye safu ya nyumba za kwao, kwa sababu jirani atakujibu kama jirani. Kwa hiyo safu yetu ilimwangukia Madam. Alifika kwetu Jumamosi alasiri. Baba alikuwa ameenda kwenye mkutano wa wazee wa kanisa. Mimi nilikuwa jikoni nachambua maharagwe, na kati ya jikoni na sebule palikuwa na pazia tu.

Niseme kidogo kuhusu mama. Alikuwa mtu wa kimya. Kanisani aliketi viti vya nyuma, na wakati wa nyimbo nilimwona akitikisa midomo, lakini hata nikiwa kando yake sikuwahi kusikia sauti yake. Nilikua nikiamini kwamba hajui kuimba. Nyumbani tuliongea Kikuyu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kifupi, cha bei na salamu, na nilipomsikia Madam akikalia kiti nilimwonea mama huruma, nikidhani atahangaika.

Madam aliuliza swali la kwanza. Mama alifikiri, kisha akasema Jumapili, kutoka kanisani hadi kuwasha jiko la jioni. “Hiyo ndiyo yangu,” alisema. “Hata mzee anajua.”

“Na kwenu, mama, watu wakikusanyika, ulikuwa unafanya nini?”

Niliacha maharagwe.

“Nilikuwa naanzisha,” mama akasema.

“Unaanzisha nini?”

“Nyimbo. Wasichana wa rika langu wote, mimi ndiye nilikuwa mbele. Tukienda kuvuna, tukienda arusi. Mimi naanzisha, wao wanaitikia. Watu walikuwa wanatoka upande wa pili wa mto kuja kusikiliza.” Kiswahili chake kilikuwa kilekile cha sokoni, lakini hakikuhangaika hata kidogo.

“Uliacha lini?”

“Wakati wa hali ya hatari. Tulitolewa kwetu na askari wa mkoloni, tukawekwa kwa kile kijiji cha waya. Wengine hawakutoka. Wengine waliolewa mbali.” Alikohoa. “Watu wanafikiri wimbo ni wa yule anaanzisha. Hapana. Ukianzisha na hakuna mtu wa kuitikia, unafanana na mtu ameshikwa na wazimu. Hapa Nairobi nitaanzisha, nani ataniitikia?”

Madam hakusema kitu cha kumfariji. Aliuliza tu jina la kwao, ni upande gani wa mto, kisha akashukuru na kuondoka. Mama aliingia jikoni, akaona nilivyokaa, akajua nimesikia. Aliketi kwenye kigoda kilichokuwa mkabala na mimi, akavuta ungo upande wake, tukachambua maharagwe yaliyobaki.

Tulipomaliza mtaa mzima, Madam hakukaa mezani na makaratasi. Aliwaambia wauza vinywaji wote wa karibu watuwekee vizibo vya soda. Kisha, kwa chaki, tukachora ramani ya mtaa kwenye sakafu nyekundu ya ukumbi: kila safu, kila mlango, bomba la maji, kanisa, stendi ya basi. Rangi ya kizibo ikawa ndiyo jibu. Vya rangi ya chungwa vilikuwa wanawake waliokuwa wakiimba, vyekundu wapiga ala, vya kijani vijana wa disko. Tuliviweka tukitambaa kwa magoti, tukiitana kutoka mwisho mmoja wa mtaa hadi mwingine. Wale waliokuwa na nafasi Jumapili alasiri tuliwazungushia duara la chaki.

Nilipofika safu yetu, Madam alinipa kizibo cha rangi ya chungwa. “Hicho weka wewe.”

Nilikiweka, nikasimama, na hapo ndipo nilipoona. Kizibo cha mama hakikuwa peke yake. Kulikuwa na kingine nyumba ya nyuma yetu, na kingine kando ya bomba, na vingine vitatu au vinne kuelekea kanisani, vyote vimezungushiwa chaki. Madam alikuwa ameandika pembeni ya kila kimoja mahali walikotoka. Wengi walitoka milima ileile, vijiji vya jirani na cha mama. Nilimfahamu kila mmoja wao. Mama alikuwa amepanga foleni ya maji nao kwa zaidi ya miaka kumi, wakizungumza bei ya makaa kwa Kiswahili, na kila mmoja akirudi nyumbani kwake na kufunga mlango.

“Hawajui,” nilimwambia Madam.

“Watajuaje? Hakuna aliyewauliza wote pamoja.”

Ofisa kutoka mjini alifika kabla hatujafuta sakafu. Alikuwa kijana mpole, mwenye tai, na alisimama mlangoni akiogopa kukanyaga. Aliuliza tunacheza mchezo gani. Madam alimtembeza kando ya mstari wa chaki na kumweleza, kizibo kwa kizibo. Aliposikiliza mpaka mwisho alikuwa na wasiwasi mmoja tu.

“Ukiwaweka watu kulingana na nyimbo za kwao, si utawagawanya?”

“Wamegawanyika tayari,” Madam akasema. “Kila mtu yuko nyuma ya mlango wake. Mimi nataka watoke kwanza. Wakishatoka, watasikilizana.”

Akakubali tujaribu mpaka mwisho wa mwaka, akaomba tu kwamba asiandikiwe malalamiko.

Jumapili ya kwanza nilimwambia mama kuna mkutano wa wanawake ukumbini. Akasema ana nguo za kupiga pasi. Nilikwenda peke yangu. Wanawake walikuja, wengi kuliko nilivyotarajia, wamevaa nguo za kanisa, wakaketi kwenye viti vilivyo kando ya ukuta kama wanaosubiri daktari. Madam aliwapa chai. Waliongea kuhusu mvua na watoto. Hakuna aliyeimba, naye Madam hakumwomba mtu. Jioni walishukuru wakaenda. Mimi nilirudi nyumbani nimevunjika moyo.

Jumapili iliyofuata, yule mama wa nyumba ya nyuma yetu alibisha hodi kwetu baada ya chakula. Alimwambia mama anaona uvivu kutembea peke yake, amsindikize tu mpaka mlangoni. Mama alifunga kitambaa kichwani, akatoka naye. Alifika mlangoni kweli, akasimama hapo hapo, mkono kwenye fremu.

Ndani, mama mmoja aliyekunywa chai akapata ujasiri alikuwa ameamua kuanzisha wimbo wa mavuno. Alianza vizuri, lakini wenzake walipojaribu kuitikia sauti zao hazikufika. Wakacheka, wakajaribu tena, wakakwama palepale.

“Umeanzia juu,” mama akasema kutoka mlangoni, kwa Kikuyu. “Hawataweza kukuitikia hapo.”

Watu waligeuka. Yule mama hakukasirika. “Basi anzia pale panapofaa,” akamjibu.

Mama aliangalia chini. Nilidhani atarudi nyumbani. Kisha akaanza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia katika maisha yangu. Haikuwa tamu kama ya redioni. Ilikuwa nzito, na kavu kidogo pembeni, na haikuwa na haraka. Alipofika mwisho wa mstari aliachia nafasi, na ile nafasi ikajazwa. Wanawake wote wa upande ule wa ukumbi waliitikia kwa pamoja. Mama alifumba macho. Sijui aliona nini. Alianza mstari wa pili, wakamwitikia, wa tatu vilevile, na katikati ya wa nne akanyamaza. Maneno yalikuwa yamempotea.

Ukumbi ukangoja. Ndipo mama wa kando ya bomba, ambaye alikuwa hajasema lolote, akauendeleza mstari kutoka pale ulipokatikia. Mama alimtazama kama mtu aliyeguswa bega. Wakaumaliza pamoja, na walipomaliza mama aliketi kwenye kiti cha kwanza alichokiona, akamuuliza, “Wewe ulikuwa wapi?” Yule mama akataja kijiji. Kilikuwa ng'ambo ya mto ule ule.

Siku hiyo jiko letu liliwashwa kwa kuchelewa sana. Baba alikuwa amekaa na kitabu chake cha nyimbo, hajasoma. Alipakuliwa, akala. Alipomaliza akasema, “Nilipita pale ukumbini. Nilisikia.” Mama aliendelea kukusanya sahani. “Huo wimbo,” baba akasema, “ndio niliusikia siku ile nilikuona mara ya kwanza.” Mama alitabasamu akielekea jikoni, na mimi nikajifanya natafuta chumvi.

Si kila kitu kilikwenda hivyo. Kwaya ya wafanyakazi wa viwandani, tuliyoipangia saa za jioni, ilikuwa na watu wengi wiki moja na ukumbi mtupu wiki inayofuata. Madam alikuna kichwa, akarudi kuwauliza, akagundua kwamba zamu zao zilibadilika kila wiki, nasi tuliwauliza saa bila kuwauliza wiki. Tulilazimika kupanga upya mara mbili ndipo ikakaa. Disko ya Ijumaa haikuhitaji msaada wa mtu yeyote. Ilijaa tangu siku ya kwanza, na wale vijana wa ukutani ndio waliopanga viti na kufagia, wakijibizana kwa ile lugha yao ambayo hata mimi, niliyezaliwa pale, nilianza kuachwa nyuma nayo.

Jumapili ndizo ninazozikumbuka zaidi. Akina mama wa magharibi walipata Jumapili yao, kisha wakaanza kuja hata ile isiyokuwa yao, kusikiliza, na akina mama wa kwetu wakafanya hivyo hivyo. Mfanyakazi wa mablanketi alinunua nyuzi, akawa anapiga litungu lake kwenye chumba cha nyuma cha ukumbi, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumwamsha. Siku moja mama alikaa karibu naye alasiri nzima akijaribu kutafuta wapi sauti yake inaweza kuingia. Hawakufanikiwa. Mdundo haukukubali. Walicheka sana, na mama akarudi nyumbani akieleza jinsi walivyoshindwa, kwa furaha ambayo sikuwa nimemwona nayo hata siku za sikukuu.

Kuna harufu ya ukumbi ule ambayo sijaipata penginepo: nta ya sakafu, chai ya maziwa, na poda ya akina mama waliotoka kanisani. Nikipita kwenye jengo lolote la zamani lililopigwa nta, nasikia viti vikiburutwa na mtu akisema kwa Kikuyu kwamba hapo ni juu mno, ashushe.

Ilidumu miaka kadhaa. Madam alihamishwa kwenda mji mwingine, karibu na kwao, na siku ya kuondoka akina mama walimbebea mizigo mpaka stendi, hawakumruhusu kushika hata mkoba wake. Msimamizi aliyekuja baadaye hakuwa mtu mbaya. Alipenda ratiba kutoka mjini, kwa kuwa ilimpunguzia kazi. Kidogo kidogo ukumbi ukaanza kukodishwa kwa arusi, na Jumapili makanisa mapya yasiyo na majengo yakauchukua tangu asubuhi hadi jioni. Na mimi nikapata kazi kwingine, katika shughuli kama ile ile, na popote nilipopelekwa nilianza kwa kubisha milango.

Katikati ya miaka ya themanini baba alipata kiwanja Kayole, pembezoni mwa jiji. Siku zile kulikuwa na vumbi na misingi ya nyumba, na upepo usio na kitu cha kuuzuia. Tulijenga chumba kimoja, kisha cha pili. Mama alihama bila kulalamika, lakini nilimwona Jumapili alasiri akikaa mlangoni mikono imelala mapajani, na ile saa yake haikuwa na pa kwenda. Kwa muda alirudi Mbotela mara moja moja, akibadilisha magari mawili, akakaa na wenzake nyumbani kwa yule mama wa kando ya bomba. Wengine nao wakaanza kuhama, huyu mashambani, huyu kwa mtoto wake.

Halafu yule mama wa nyumba ya nyuma, aliyemvuta mpaka mlangoni, akaja kuishi na binti yake Kayole, barabara mbili kutoka kwetu. Sikuambiwa. Nilikwenda kumtembelea mama nikamkuta uani anafua, na mwenzake ameketi kwenye beseni lililogeuzwa, anamenya viazi. Mama alikuwa akiimba, mikono yake ndani ya povu, na yule mwingine alikuwa akiitikia bila kuinua macho kutoka kwenye kisu. Nilisimama kwenye lango mpaka wakafika mwisho wa wimbo, kisha nikaingia, nikavua viatu, nikachukua shati la baba kutoka kwenye maji na kuanza kulisuuza.